Tumbo ni shahidi: lisikilizwe, kisha lihojiwe

Hotuba hii niliitoa Moshi mbele ya wajumbe wa mabaraza ya kata, wazee wa usuluhishi na viongozi wa dini. Walioshindwa kufika wameniomba maneno yote, kwa hiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, mama zangu, ndugu wajumbe. Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utuzungumzie afya ya msuluhishi." Nikamuuliza, afya ipi? Presha? Sukari? Akasema nichague mwenyewe. Nimechagua tumbo. Naona wengine mnatazamana. Tumbo na baraza wapi na wapi? Nipeni muda kidogo.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na mingi nimeimaliza wodi ya wazazi. Katika miaka yote hiyo kuna siku mbili ambazo bado nazifikiria nikiwa peke yangu.

Siku ya kwanza nilikuwa mgeni kazini. Mama mmoja alijifungua salama saa nne usiku. Presha nzuri, faili safi, damu ya kawaida kwa macho. Nikapita kitandani kwake, nikamfunika shuka, nikaondoka. Nilipofika mlangoni tumbo likanikaza. Likanikaza kama la mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha jiko linawaka. Nikarudi, nikamtazama yule mama, sikuona kitu. Nikamfuata sista wa zamu, mama mtu mzima aliyeogopwa na wodi nzima, nikamwambia, "Sista, mama wa kitanda cha sita simwelewi." Hakuniuliza swali. Alikuja, akaweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa, akakuta mfuko wa uzazi umelegea. Damu ilikuwa inajikusanya ndani. Akaukanda, akachoma sindano, daktari akaitwa, mama akapona.

Asubuhi sista akaniuliza, "Uliona nini?" Nikasema sikuona kitu. Akasema, "Uliona. Midomo yake ilikuwa imepauka na alikuwa anapiga miayo. Macho yako yaliona, wewe ulikuwa bado."

Siku ya pili ilikuja miaka mingi baadaye. Sasa mimi ndiye mkubwa wa zamu. Nilikuwa nimemeza antibayotiki wiki nzima kwa ajili ya jino, tumbo limevurugika, na tangu asubuhi nilikuwa na chai ya rangi tu. Binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, akanifuata akasema mtoto hanyonyi. Tumbo likanikaza vilevile. Vilevile kabisa! Nikajiambia: huyu hataki kunyonyesha, anadeka. Nikamjibu kwa ukali mbele ya wenzake. Binti akanyamaza, na usiku ule hakusema tena. Mtoto alilia mpaka alfajiri. Asubuhi mwenzangu alikaa naye, akambembeleza, akamwomba amwonyeshe. Chuchu zote mbili zilikuwa zimechanika, zinatoa damu. Angeniambia, lakini mimi nilikuwa nimeshamfunga mdomo.

Muuguzi yuleyule. Tumbo lilelile. Mkazo uleule. Mara ya kwanza uliokoa mtu, mara ya pili ulimuumiza mtu. Sasa nawauliza ninyi mnaokaa mbele ya watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, mbele ya mume na mke, mbele ya ndugu waliogawanywa na mirathi: tumbo linapokukaza, utajuaje ni mkazo upi?

Mimi nilichukua miaka kupata jibu. Mara ya kwanza tumbo lilikuwa linaleta habari za mgonjwa. Mara ya pili lilikuwa linaleta habari zake lenyewe. Na sauti zake zote mbili zinafanana.

Wazee wetu walijua kwamba tumbo husema. Sikilizeni Kiswahili chetu. Mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Aliyehisi hatari kabla haijaonekana, machale yamemcheza. Aliyekosa furaha na jambo, limemtumbukia nyongo. Neno la uchungu tunalimeza, na siku tukishindwa kulibeba tunalitapika. Watu wa pwani humwita mpenzi wao wa ini. Lugha yote imepita tumboni. Sayansi imechukua muda kufika hapo ilipotangulia lugha, na njia yenyewe ilianza kwa bunduki.

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, kwenye duka la wafanyabiashara wa ngozi za wanyama, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikampiga kijana mmoja wa Kanada, Alexis St. Martin, chini ya mbavu. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akamtibu. Wote waliamini hatapona. Akapona, lakini kidonda hakikuziba. Kilibaki tundu linaloingia moja kwa moja tumboni. Mnaelewa maana yake? Kwa mara ya kwanza daktari angeweza kuchungulia tumbo la mtu aliye hai anayetembea.

Beaumont alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, akaviingiza kwa lile tundu, akavitoa, akaandika. Mwaka 1833 alichapisha matokeo ya majaribio zaidi ya 200. Kati ya aliyoyaona, moja linatuhusu leo: St. Martin alipokasirika, hali ya tumbo ilibadilika na chakula kilichelewa kusagika. Hasira ilionekana kwa macho, ndani ya tumbo.

Nami ninayesoma habari zile kama muuguzi, moyo wangu uko kwa yule kijana. Alifanywa mtumishi na kifaa kwa wakati mmoja. Alitoroka kurudi kwao, akafuatwa, akarudishwa. Alipofariki mwaka 1880 familia yake iliuacha mwili uharibike kwanza ndipo wakauzika, tena ndani sana, ili madaktari wasije kuuchukua. Hasira aliyoipima Beaumont ilikuwa na sababu, na sababu moja ilikuwa Beaumont mwenyewe. Wasuluhishi, hilo nawaomba mlikumbuke: anayepima hasira ya mwenzake huenda ndiye aliyeileta.

Tuendelee. Tumbo linajuaje mambo? Kwenye kuta za njia ya chakula, kuanzia kooni hadi mwisho, kuna seli za fahamu zaidi ya milioni 100. Mwaka 1899 huko London, wanasayansi Bayliss na Starling walikata mawasiliano ya fahamu kati ya utumbo wa mnyama na ubongo, na utumbo ukaendelea kusukuma chakula. Ulikuwa haungoji amri. Mnamjua balozi wa nyumba kumi? Kuku kaingia bustani ya jirani, watoto wamepigana, yeye anamaliza palepale. Wilayani hawapati hata habari. Ndivyo utumbo unavyofanya kazi.

Lakini balozi mzuri hutoa taarifa. Kati ya tumbo na ubongo kuna neva kubwa iitwayo vagasi. Ukihesabu nyuzi zake 100, kama 80 zinabeba habari kutoka chini kwenda juu. Chache tu zinashusha amri. Tulikuwa tunadhani ubongo ni bwana na tumbo ni mtumishi. Kumbe muda mwingi tumbo ndilo linalosema na ubongo ndio unaosikiliza!

Na tumbo halisemi peke yake. Humo ndani wanaishi bakteria. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 kwa mtu wa kawaida ilipata trilioni 38, na uzito wao wote haufiki robo kilo. Wanakula tunachokula, hasa nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga wenyewe, kisha wanatengeneza vitu vinavyotuliza kuta za utumbo. Wakiharibika, kuta huwaka, na habari zinazopanda juu zinakuwa habari za moto.

Hapa nataka kuwaonya kwa upendo. Mitandaoni wapo wanaouza unga na vidonge wakisema, "Serotonini, kemikali ya furaha, asilimia 90 inatengenezwa tumboni, nunua hii uwe na furaha." Nusu ya kwanza ni kweli, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za serotonini ziko kwenye utumbo. Lakini ile ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Hufanya kazi yake hukohuko, kusukuma chakula na kugusa ncha za neva. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya bakteria mmoja aliyepewa panya wakapungukiwa na hofu, na walipokatwa ile neva ya vagasi, faida ikapotea. Habari ikasisimua dunia. Mwaka 2017 wanaume wenye afya walipewa bakteria yuleyule. Hakikubadilika kitu. Panya si mtu. Kwa hiyo anayekuuzia busara kwenye chupa, mwache apite.

Sasa nije kwenye kazi yenu, kwenye maamuzi.

Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao waliwaketisha watu mbele ya mafungu manne ya karata. Mafungu mawili yalikuwa yanalipa vizuri kisha yanakufilisi. Mengine mawili yalilipa kidogo kidogo, lakini mwisho una faida. Hakuna aliyeambiwa. Waliwafunga vifaa vya kupima jasho la mikononi. Baada ya karata kama kumi, mikono ilianza kutoa jasho kabla ya kugusa fungu baya. Karata kumi! Kusema kwa mdomo, "mafungu haya nayashuku," walifika kama karata ya hamsini. Kueleza sababu, kama ya themanini.

Mwaka 2004 watafiti wengine waliwauliza watu kwa makini zaidi wakaona kumbe akili nayo ilikuwa inajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Nakubali. Lakini kwangu mimi habari kubwa ni nyingine. Wale watu wa karata walikuwa wamecheza. Walipoteza, wakashinda, wakapoteza tena, mwili ukajifunza. Na mimi usiku ule wodini nilikuwa nimeshaona midomo ya akina mama wengi. Machale hayashuki kutoka mbinguni, ndugu zangu. Ni kumbukumbu isiyo na maneno. Kwa hiyo mzee aliyesikiliza migogoro ya mipaka miaka 20, akisema tumbo lake halikubali ushahidi huu, mpeni nafasi. Kijana aliyeteuliwa mwezi jana akisema hivyohivyo kuhusu mtu wa kabila asilolizoea, au mwanamke aliyevaa asivyopenda yeye, mwambieni aketi kwanza. Hilo alilonalo si machale. Ni ugeni, na ugeni nao hukaza tumbo.

Tukitoka hapo kuna njaa. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya majaji wanane wa Israeli waliokuwa wanaamua maombi ya wafungwa kuachiwa mapema, maamuzi zaidi ya 1,100. Mwanzo wa kikao, baada ya kula, kama 65 kati ya 100 walikubaliwa. Kadiri muda ulivyokwenda idadi ikashuka, ikakaribia sifuri. Majaji wakaenda kula, wakarudi, ikapanda tena. Dunia nzima ikasema: njaa ndiyo iliyohukumu! Mwaka huohuo wengine wakachunguza mpangilio wa mashauri. Wafungwa wasio na mawakili walikuwa wanawekwa mwisho wa kikao, na hao hukataliwa zaidi. Kwa hiyo si yote ilikuwa njaa. Nawaambia pande zote mbili kwa sababu ninyi ni watu wa kusikiliza pande zote mbili.

Hata hivyo, je, tulihitaji kusubiri mwaka 2011? Masheikh wetu hapa mbele wanaijua hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: hakimu asihukumu baina ya watu wawili hali ana hasira. Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, waliitazama hasira wakauliza, kwa nini imekatazwa? Kwa sababu inaishughulisha akili. Wakaendelea: basi na njaa pia. Na kiu. Na ugonjwa. Na mtu aliyebanwa na haja! Kadhi aliyebanwa na haja asikate hukumu. Wazee wangu, karne nyingi zilizopita watu walikaa wakalifikiria tumbo la hakimu kama jambo la haki za watu. Sisi leo tunaita baraza saa tatu asubuhi, tunakaa mpaka saa tisa alasiri bila kikombe cha maji, na mahali pengine hakuna hata choo. Halafu tunashangaa kwa nini mashauri ya mchana yana ukali.

Na kuna jaribio moja jipya, la mwaka 2024, lililofanywa na watafiti wa Paris na Bonn. Watu 101. Karibu nusu yao walipewa kwa wiki saba mchanganyiko wa bakteria wazuri na nyuzinyuzi, wengine wakapewa unga usio na kitu. Kabla na baada, walichezeshwa mchezo huu: mwenzako amepewa fedha, anakugawia anachotaka. Ukikubali, mnachukua wote. Ukikataa, mnakosa wote. Baada ya wiki saba, waliokula ule mchanganyiko walikataa mgao usio wa haki mara nyingi zaidi kuliko walivyokuwa wanakataa mwanzo. Yaani walikuwa tayari kukosa fedha kuliko kukubali dhuluma. Waliobadilika zaidi ni wale ambao bakteria wao walikuwa wamepoteza uwiano tangu mwanzo.

Niliposoma hilo niliweka karatasi chini nikafikiri sana. Sisemi bakteria ndio haki. Jaribio moja ni jaribio moja. Lakini fikirini mjane anayekuja barazani, shemeji zake wamemgawia kipande cha mawe cha shamba la marehemu. Anasema, "Nakubali tu yaishe." Tunaandika: wamekubaliana. Je, kuna aliyemuuliza amekula nini tangu jana? Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, na tumezoea kuitumia methali hiyo kwa mwizi. Mimi naiona pia kwa mtu anayesaini kupoteza haki yake kwa sababu mwili wake hauna nguvu ya kusema hapana.

Hapo nimeshaingia kwenye mazungumzo, jambo la mwisho.

Mwaka 2010 huko Los Angeles, watu wenye afya walichomwa sindano ya kipande kidogo cha ukuta wa bakteria, salama, kiasi cha kuamsha kinga ya mwili kama inavyoamka tumbo linapoungua. Baada ya saa chache walisema wanajisikia kutengwa na watu. Hakuna aliyewatenga! Mwili ukiwaka ndani, nafsi inajitoa kwa wenzake. Muuguzi yeyote anawajua wagonjwa hawa: anageukia ukutani, anajibu neno mojamoja, ndugu wanakasirika wanasema amekuwa na kiburi.

Nilisaidia kusuluhisha kaka wawili wa familia moja ninayoifahamu. Mkubwa alikuwa anajibu kwa mkato. "Sijui." "Ulizeni wao." "Mimi sina la kusema." Wajumbe wakamwona mkaidi, na kila alipojibu mkato, hukumu mioyoni mwao ilizidi kuelemea kwa mdogo. Mimi nilikuwa naangalia mkono wake. Ulikuwa unarudi palepale, chini ya kifua. Tulipopumzika nikamvuta pembeni, nikamuuliza kiuguzi. Vidonda vya tumbo. Miezi minane. Amekuwa anapewa ushauri mmoja tu: "Punguza mawazo."

Punguza mawazo! Ni wangapi hapa mmeambiwa hivyo? Na mimi niliwaambia wagonjwa hivyo, ndivyo tulivyofundishwa. Huko Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, waliona bakteria kwenye vipande vya matumbo ya wagonjwa, wakasema huyu ndiye chanzo kikubwa cha vidonda. Wakubwa wao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria wale yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akawa anatapika, na kipimo kikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Leo bakteria huyo anapimwa na anatibiwa kwa dawa za siku kama kumi na nne. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo watu wanakula kila siku kama karanga.

Yule kaka mkubwa alipimwa, akakutwa na bakteria huyo, akatibiwa. Shauri lilikuwa limeahirishwa kwa wiki tano. Aliporudi alizungumza dakika ishirini bila kukatizwa, na mambo aliyoyasema kuhusu mipaka ya baba yao hakuna mtu aliyekuwa ameyasikia. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaumwa.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu sisi Waswahili tuna haya na tumbo, na haya hiyo ni nzuri, inatutunzia heshima. Lakini mtu mzima hawezi kusimama mbele ya baraza akasema nimefunga choo siku sita, au naharisha nikiwa na hofu. Atasema "sijisikii vizuri," na sisi tutaandika "ameshindwa kutoa maelezo." Msimsubiri aseme. Mwulizeni faragha, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke.

Mtaniuliza, dada, tule nini? Jibu limekaa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2025, watafiti wa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha kazi waliyoifanya na vijana 77 wa kiume wa mkoa huu. Waliozoea chakula cha asili walipewa wiki mbili za chakula cha kisasa, cha kukaangwa na kusindikwa. Waliozoea cha kisasa wakarudishwa kwenye maharage, mboga, ndizi na nafaka zetu. Kundi jingine walikunywa mbege kwa wiki moja. Walioacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha mwili unawaka na kinga imelegea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wale wa mbege, moto ulipungua. Wiki mbili tu! Na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Mbege, ndugu zangu, ndizi na ulezi na magome ya msesewe. Sikuja kuwahimiza pombe. Walevi tumeshawaona barazani wakivunja makubaliano ya asubuhi ifikapo jioni. Togwa inachachuka bila kulewesha, na mtindi upo kila kona. Dona lina nyuzinyuzi ambazo sembe limenyang'anywa mashineni. Mlenda, bamia, kunde, mchicha, tunavidharau kwa sababu ni vya shambani. Na tafadhali, antibayotiki isiyoandikwa na daktari msiinunue dukani kwa kila mafua. Mimi najua ilinifanya niwe mtu gani usiku ule.

Lakini chakula cha nyumbani ni juu ya kila mmoja. Ombi langu kwenu ni la baraza. Hapa Uchagani mtu akiomba msamaha huja na jani la isale, na mapatano yakikamilika watu hunywa pamoja. Chakula kinakuja mwisho, kama muhuri. Naomba kingine kitangulie. Kila baraza liwe na sufuria ya uji, wapewe wote, mlalamikaji na mlalamikiwa, kwenye benchi moja, kabla neno la kwanza halijasemwa. Kila baraza liwe na choo chenye mlango unaofunga. Hilo nalisema mbele ya Mheshimiwa Diwani makusudi kabisa. Shauri gumu lisikilizwe asubuhi. Ikifika saa saba, simameni, hata kama mmebakiza shahidi mmoja.

Na wewe mjumbe, tumbo likikukaza katikati ya shauri, usilinyamazishe na usilitii papo hapo. Lifanye shahidi. Mwulize kama unavyowauliza mashahidi wengine: umeona nini hasa? Umekula saa ngapi? Ulilala? Huyu mtu unamjua, au anakukumbusha mtu mwingine? Kama nimeshiba, nimelala, na mtu huyu sina kisa naye, na tumbo bado linakaza, nakwenda kutafuta midomo iliyopauka. Karibu kila mara nimekuta kitu. Kama nina njaa, naomba dakika kumi. Dakika kumi tu! Yule binti wa wodini nisingemfunga mdomo.

Nilimtafuta baadaye, nikaambiwa amehamia mkoa mwingine. Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Kama kuna siku atakaa mbele ya mmoja wenu, mpeni uji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, saa yangu inasema saa saba kasoro dakika kumi. Naona mikono ya maswali imeshaanza kunyooka, na ya mzee pale nyuma imenyooka kwa hasira kidogo. Shikamoo baba, swali lako litakuwa la kwanza. Lakini akina mama wameniashiria dirishani kwamba mtori umeiva, na maji ya kunawa yako mlangoni. Choo kiko nyuma ya jengo, mkono wa kushoto. Twendeni tukale, tutaendelea saa nane.